Fahamu: Kasi ya maji si lazima iwe kasi ya mchanga
Mto uliofurika hubeba maji na mchanga, lakini kupima maji pekee hakutoshi kujua bwawa litajaa mchanga kwa kasi gani. Katika maji yaliyotulia, punje ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 0.2 huzama takriban sentimita 2 kwa sekunde. Chembe ya tope ya milimita 0.01 huzama polepole mno, hivyo hufuata mkondo. Kwa hiyo maabara humulika chembe kwa leza, hupiga picha mbili mfululizo, kisha hugawa umbali ambao chembe zimesogea kwa muda uliopita ili kupata kasi. Ni kweli, tope zito huzuia mwanga. Hapo hutumika mawimbi ya sauti, ambayo masafa yake hubadilika yakigonga chembe zinazosogea. Hata hivyo, kinachopimwa ni kasi ya chembe. Kuiita kasi ya maji kunafaa pale tu chembe zinapokuwa ndogo.