Shaggy, Sean Paul na bei ya kiitikio

Mwaka 1997 Shaggy alitoa albamu ya Midnite Lover. Haikuuza, na lebo ya Virgin ikaachana naye. Kufikia Machi 2001, mzaliwa huyo wa Kingston aliyewahi kuwa mwanajeshi wa Marekani alikuwa ameongoza chati ya albamu ya nchi hiyo kwa Hot Shot, na nyimbo zake mbili zilikuwa zimeshika namba moja.

Sauti yake nzito ya kughani haikubadilika. Ila kiitikio aliwaachia waimbaji laini: Rikrok katika "It Wasn't Me", Rayvon katika "Angel". Msikilizaji asiyeambulia neno katika patwa ya Jamaika hukariri kiitikio siku hiyohiyo, na redio za pop huishi kwa viitikio. MCA, lebo yake mpya, haikuiona biashara hiyo mapema. Aliyeiona ni mtangazaji mmoja wa Honolulu, aliyeupakua "It Wasn't Me" kutoka Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo mtandaoni iliyokuwa ikishtakiwa na makampuni ya muziki, akaurusha hewani.

Utamu wa kuazima, hata hivyo, hulipiwa. "Angel" imejengwa juu ya "Angel of the Morning" ya Chip Taylor na "The Joker" ya Steve Miller Band. "It Wasn't Me" inakopa kutoka bendi ya War. Wenye nyimbo hizo nao wana fungu lao katika mirabaha ya utunzi, kwa hiyo anayeonekana kwenye video si lazima awe ndiye anayevuna zaidi.

Sean Paul, msanii mwenzake wa Jamaika, alipita njia ya kienyeji zaidi, ile ya ridimu: mdundo mmoja wanagawiwa wasanii wengi, kila mmoja anaweka wimbo wake. Ridimu ya Diwali, kazi ya Steven "Lenky" Marsden, iliingiza nyimbo tatu kwenye chati ya Marekani mwaka 2003. "Get Busy" ya Sean Paul ilifika namba 1, wimbo wa Lumidee namba 3, na "No Letting Go", wimbo wa mahaba wa Wayne Wonder, namba 11. Hapo mtengeneza mdundo ndiye mfanyabiashara hodari kuliko wote.

Mwaka huohuo Beyoncé alimwalika Sean Paul katika "Baby Boy". "Get Busy" ilikuwa imekaa kileleni wiki 3; "Baby Boy", ambamo yeye alikuwa mgeni tu, ilikaa wiki 9.