Revolva haina kitufe cha usalama: hatari iko kidoleni

LUBUMBASHI – Katika kartie ya Kasungami, komine Annexe, wakazi wamelalamika mara nyingi kuhusu wezi wanaokuja usiku na silaha. Inayojulikana zaidi ni AK-47, ambayo ina wenzo wa usalama ubavuni. Revolva, bastola yenye silinda inayozunguka, ni tofauti: nyingi hazina wenzo wala kitufe cha namna hiyo.

Usalama wake umefichwa ndani. Kwanza ni uzito wa kifyatulio. Katika revolva za kazi mbili, kukivuta mara moja kunarudisha nyundo nyuma, kunazungusha silinda, kisha kunaiachia nyundo ipige. Kwa hiyo kidole kinahitaji nguvu nyingi, mara nyingi kama kilo 5.

Pili ni kinga ya kuanguka. Zamani ncha ya nyundo ililala juu ya risasi, na bastola ikianguka chini iliweza kulipuka. Ndiyo maana wengi waliacha tundu moja la silinda bila risasi. Miaka ya 1890, kampuni ya Iver Johnson ya Marekani ilitumia kipande cha chuma kinachopanda pale tu kifyatulio kinapovutwa. Nyundo hupiga kipande hicho, nacho hupiga pini. Kidole kikitoka, kipande hushuka na nyundo haiifikii pini.

Smith & Wesson ilitumia njia nyingine: chuma kinachoizuia nyundo mpaka kifyatulio kivutwe. Kinga hiyo iliimarishwa baada ya baharia wa Marekani kufa mwaka 1944, revolva ilipoanguka.

Lakini kinga hizi zinazuia ajali ya kuanguka tu. Hazizuii kidole. Mtoto akivuta nyundo nyuma kwa vidole gumba viwili, kifyatulio kinakuwa chepesi, na kukigusa kidogo kunatosha kuua. Kuna pia silaha kuukuu, au zilizotengenezwa na mafundi wa mitaani, ambazo huenda hazina kinga yoyote ndani.

Nchini Kongo, sheria ya silaha ya mwaka 1985 inamtaka raia awe na kibali. Ukikuta bastola porini, mtaroni au nyumbani, usiiokote wala usiijaribu. Ondoa watoto, kumbuka mahali ilipo, kisha uwaarifu polisi au mkuu wa kartie.