Matanga Yakishaanuliwa

Turubai huteremshwa asubuhi. Vijana wa mtaa wanafungua kamba, wanabebanisha viti vya plastiki na kuvipandisha kwenye Kirikuu, huku akina mama wakisugua kwa majivu masufuria ya kukodi. Mwenyekiti wa kamati anasimama na daftari: rambirambi zilizoingia, jeneza, mafuta ya gari, mchele, maharage, kilichobaki. Kilichobaki anakabidhiwa mfiwa mbele ya mashahidi. Mjomba aliyetoka Dar es Salaam anatazama saa kwa sababu ya basi. Iwe Uyole au Tukuyu, Kihesa au Ipogolo, mambo huenda hivyo hivyo, na ikifika saa nane mchana nyumba imebaki na wenyewe.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini tunajua kuzika. Mtu akifa usiku, kabla hakujapambazuka moto umeshakokwa uani, wanaume wameuzunguka na makoti yao, na wanawake wamejaa sebuleni kwenye mikeka. Hakuna anayeulizwa kabila wala dhehebu. Shida yetu iko mbele kidogo. Iko wiki ya tatu, pale mjane anapokwenda gengeni na kukuta watu wanapunguza sauti. Iko mwezi wa nne, pale anapoambiwa akaze moyo, kazi ya Mungu haina makosa, yaliyopita yamepita.

Mimi siamini kwamba aliyefiwa hupona kwa kusahau. Katika nyumba nilizozijua, wale waliosimama tena ni wale ambao marehemu wao alipatiwa mahali pa kukaa: kaburi linalotembelewa, jina linalotajwa mezani, kazi inayoendelezwa. Asiyepatiwa mahali hubaki akizunguka usiku kucha kichwani mwa aliyempenda. Na jambo hili lilijulikana huku kwetu zamani sana, kabla hakujawa na mshauri nasaha hata mmoja.

Kati ya 1934 na 1938 mwanaanthropolojia Mwingereza, Godfrey Wilson, alikaa Bunyakyusa, chini ya Mlima Rungwe, akichunguza maisha ya watu. Mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini na msomi wa fani hiyo hiyo, alijiunga naye mwaka 1935. Godfrey alivutiwa sana na misiba, na mwaka 1939 alichapisha makala ndefu juu ya maziko ya Wanyakyusa. Alichokiona kiliwashangaza wageni wengi: wanawake wameuzunguka mwili wakiomboleza kwa sauti kuu, na hapo hapo uwanjani wanaume wanacheza ngoma na mikuki mikononi, wanaruka, wanatetemesha ardhi. Wamisionari waliona ni kukosa adabu mbele ya mauti, na Wakristo wa wakati ule waliacha ngoma wakaimba tenzi. Lakini wazee walimweleza Godfrey kwamba wanacheza kwa sababu moyoni mna vita. Huzuni yao ilikuwa imechanganyika na hasira na hofu, na vitu hivyo vinataka miguu, vinataka jasho. Ngoma ilianza kwa ukali, ikalainika kadiri siku zilivyokwenda, hadi vijana wakaanza kutaniana na kutazamana.

Baada ya maziko zilifuata mila za ndani, za ukoo, na hizo ndizo Monica alizoziandika kwa undani. Kuna kitendo kimoja ambacho kila nikikisoma nasimama. Wafiwa walikuwa wamekaa pamoja, na takataka za nyumbani zikafagiliwa kuwaelekea, wakazipokea miilini mwao. Aliyekataa ndiye aliyehofiwa kupata wazimu siku za mbele. Yaani jamii nzima ilikiri waziwazi kwamba kufiwa kunaweza kumtoa mtu akilini, ikakipa kichaa hicho siku yake na uwanja wake, kwa kibali cha wazee, ili kisije kumkuta mtu peke yake baadaye. Linganisha na sisi tunaomsifu mjane kwa kuwa hakulia hata tone mbele ya jeneza.

Mila hizo zilikwenda kwa hatua mbili. Kwanza walimtenga marehemu na miili na ndoto za walio hai, kwa sababu maiti inayokung'ang'ania haikuachi ufanye kazi wala kuzaa. Kisha wakamkaribisha tena, safari hii akiwa mzee wa ukoo, aketi na wahenga wengine nyumbani. Angalia mpangilio wake: aondoke kwanza, halafu arudi kwa heshima. Wengi wetu leo tunafanya nusu ya kwanza tu. Tunamwondoa, tunagawa nguo zake, tunafuta namba yake kwenye simu, tunasema tumepona.

Monica Wilson hakubaki mtazamaji wa mambo haya. Mwezi Mei 1944 Godfrey, aliyekuwa akisumbuliwa na sonona, alijiua, hajafikisha hata miaka 40. Monica akabaki na watoto wawili wadogo wa kiume na masanduku ya madaftari kutoka Rungwe. Kifo cha namna ile kilikuwa kigumu kutamkwa katika jamii yake, kama kilivyo kigumu kutamkwa huku kwetu, ambako hata mahubiri ya siku ya maziko hufupishwa na familia huachiwa aibu isiyo yake. Mwaka 1945 kitabu walichokiandika pamoja kilitoka na majina yao mawili. Kisha akayarudia madaftari, ya kwake na ya mumewe. Mwaka 1951 akatoa kitabu juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa, 1957 kikafuata kile cha mila za ukoo chenye habari hizi za msiba, na 1959 kingine juu ya mila za jamii nzima. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1955, alirudi Bunyakyusa. Mjane aliketi miaka mingi akiandika jinsi watu wanavyowaaga wafu wao, kwa kutumia mwandiko wa mkono wa mtu aliyempoteza. Siwezi kusema ndani ya moyo wake kulikuwa na nini. Ninachokiona ni kwamba Godfrey alipata mahali, na mahali penyewe palikuwa mezani pa kazi.

Upande wa Iringa kuna msiba mwingine, na huo ulidumu zaidi ya nusu karne. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo Agosti 1891, alipoteza ngome yake ya Kalenga mwaka 1894 na akawindwa porini kwa miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa, alijiua ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa na Wajerumani. Mwili ukazikwa Mlambalasi bila kichwa.

Fikiria ukoo unaojua lilipo kaburi na unaojua pia kwamba kaburi hilo halijatimia. Dai la fuvu liliingia hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, katikati ya mambo ya mipaka na fidia za mataifa makubwa. Ujerumani ikapewa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi ya watu wa makoloni yamepangwa, na kwa kulinganisha vipimo vya ndugu wa ukoo likachaguliwa moja. Mwaka 1954 likarudishwa na kupokelewa Kalenga na mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama fuvu lile ndilo lenyewe. Shaka hiyo ina haki yake, maana vipimo vya fuvu si ushahidi wa kuaminika sana. Hata hivyo nenda Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, umtazame mzee wa Kihehe anavyovua kofia mbele ya kisanduku cha kioo chenye fuvu hilo. Tangu 1954 watu wa pale wamekuwa na mahali pa kwenda na watoto wao na kusema, huyu hapa. Baada ya miaka 56 ya kuwa na kaburi nusu, hilo si jambo dogo.

Karibu zaidi na leo, kuna kizazi kilichozika bila nafasi ya kuomboleza. Kwenye utafiti wa taifa wa 2007 na 2008, Mkoa wa Iringa, wakati huo ukiwa na Njombe ndani yake, ulionekana kuwa na maambukizi ya VVU kwa asilimia 15.7 ya watu wazima, na Mbeya asilimia 9.2, wakati wastani wa nchi ulikuwa chini ya asilimia 6. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo, kando ya barabara hii kuu kutoka Mafinga hadi Tunduma, kulikuwa na vijiji ambako msiba uliukuta msiba. Bibi alimzika binti Jumatatu na mkwe mwezi uliofuata, akarudi na wajukuu wanne kwenye chumba kimoja. Alilia saa ngapi? Alipanda viazi. Wale wajukuu leo ni watu wazima, wana bodaboda, wana saluni, wana digrii, na wengine hawajawahi kuambiwa mama yao alikuwa mtu wa namna gani. Waliambiwa aliugua muda mrefu, basi.

Uganda walilitazama tatizo hilo mapema. Katika miaka ya 1990 chama cha wanawake wanaoishi na VVU, NACWOLA, kilianza kuwasaidia wazazi kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina, baba alipenda nini, babu zako walitoka kilima gani. Mzazi aliandika akiwa hai, mara nyingi mtoto akiwa pembeni. Huku kwetu bado hatujachelewa. Shangazi wapo, marafiki wa shule wapo, picha zilizofifia zimo kwenye masanduku ya bati. Kijana wa miaka 30 anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kicheko chake ni cha mama yake hupokea kitu ambacho hakuna mirathi inayoweza kukitaja.

Na kwa kuwa nimetaja mirathi: msitegemee mjane apone huku shamba lake linapimwa na mashemeji. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 humweka mjane nje ya urithi wa mumewe, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania iirekebishe. Maneno matamu ya faraja juu ya mtu anayenyang'anywa nyumba ni matusi.

Wataalamu wa nafsi wamechukua muda kufika walipokuwa wazee wa Rungwe. Kwa miongo mingi walifundisha kwamba kazi ya mfiwa ni kukata kamba inayomfunga na marehemu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, walichapisha kitabu kilichosema kinyume: watu wengi wenye afya njema huendelea na uhusiano na wafu wao, huzungumza nao, huwaomba ushauri, na hawana ugonjwa wowote. Wakati huo huo kuna huzuni ambayo ni ugonjwa. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ina jina la majonzi yanayomshikilia mtu zaidi ya miezi sita kwa nguvu inayopita desturi za jamii yake, hadi ashindwe kazi, malezi na maisha. Mtu akifika hapo, akiacha kula, akisema anataka kumfuata marehemu, msimwambie akaze moyo. Mpelekeni hospitali, na ya rufaa ya mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwambieni mnakwenda naye, mkae naye kwenye benchi hadi aitwe.

Kwa walio wengi, tiba iko karibu zaidi. Tuna watani, ambao msibani huvaa koti la marehemu, wakatembea kama yeye na kukohoa kama yeye, wakalala kaburini hadi walipwe, na mjane akacheka huku machozi yanamtoka. Nasikitika ninapoona kamati za mjini zikiwafukuza kwa kisingizio cha ratiba. Tuna pia Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wenye desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732: alfajiri ya Pasaka wanakwenda makaburini kuimba. Siku za kuelekea Pasaka familia zinafyeka majani, zinapaka chokaa, zinanyoosha msalaba ulioegemea. Watoto wanauliza huyu nani na yule nani, nao wanajibiwa. Kila mwaka marehemu anatajwa tena kwa jina, mbele ya watu, bila kuhitaji marumaru ya mamilioni ambayo siku hizi yanawaachia wafiwa madeni.

Kisha kuna vikundi vya kufa na kuzikana, ambavyo viko karibu kila mtaa wa Mbeya na Iringa. Katiba zake nimezisoma kadhaa. Zinataja kiasi cha kila mwanachama, madebe ya mahindi, nani analeta kuni, faini ya asiyefika kuchimba kaburi. Hakuna niliyoiona inayotaja siku ya 40 wala mwezi wa sita. Kuongeza kifungu hicho hakuhitaji senti: wanachama wawili, kwa zamu, wamtembelee mfiwa mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, wakae, wanywe chai, wamwombe awasimulie habari za marehemu, na asiyekwenda zamu yake atozwe faini ile ile ya asiyefika kaburini.