Mzee Kabila na Hewa Bora: Fizi ilituonyesha nini?

Ukitaja Mzee Laurent-Désiré Kabila hapa Baraka, utapata majibu mawili. Mmoja atasema: huyu ndiye alimuangusha Mobutu. Mwingine atanyamaza kwanza, kisha atasema: tuliteseka chini yake. Wote wako na sababu.

Kabila hakuwa mtoto wa Fizi. Alikuwa Muluba wa Katanga, aliyezaliwa 1939. Wakati wa uasi wa 1964-1965 alikuwa kati ya wakubwa wa upande wa mashariki. Che Guevara alipokuja kando ya ziwa letu mwaka 1965, alilalamika katika maandishi yake kwamba Kabila haonekani kwenye mapigano, anakaa Tanzania.

Lakini Kabila hakuacha. Desemba 1967 alianzisha chama cha PRP katika milima ya Fizi, na askari wake wengi walikuwa Wabembe. Eneo lao wakaliita Hewa Bora. Ilikuwa serikali ndogo kabisa: mashamba ya pamoja, shule, na dhahabu iliyovushwa ziwa kwenda kuuzwa Tanzania. Tena ilikuwa na nidhamu kali, na amri zilitoka juu tu. Mwaka 1975 watu wake walivuka mpaka Gombe, wakateka vijana wanne waliokuwa kwenye utafiti wa sokwe, ili wapate fidia. Miaka ya 1980 maki ile ikazimika polepole.

Halafu Oktoba 1996, akiungwa mkono na Rwanda na Uganda, akatokea tena kama msemaji wa AFDL. Tarehe 17 Mei 1997 akajitangaza raisi. Siku chache tu, kazi za vyama vya siasa zikasimamishwa, na dekreti ya 27 Mei ikamuachia mamlaka karibu yote. Januari 2001 akapigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe.

Kinshasa walishangaa namna alivyotawala. Siye wa Fizi hatukupaswa kushangaa. Mtu aliyezoea kuamuru porini bila bunge, bila kura, bila wa kumuuliza, hawezi kubadilika kwa sababu ameingia ikulu.

Leo bado kuna vijana wanaamini bunduki ni njia ya kufika kwenye uongozi. Kabla hatujamfuata kiongozi yeyote, tusiulize tu anampinga nani. Tuulize: pale alipo sasa, anawatendeaje watu walio chini yake?

Wazee walioishi Hewa Bora wanatutoka. Ukienda nyumbani likizo hii, kaa na mmoja wao, muulize, na uandike.