Nani Alimwambia Mtoto Hesabu Ni Ngumu?

"Hesabu ni ugonjwa wa taifa." Watanzania tumeisema kauli hii kwenye vikao vya wazazi na vijiweni hadi ikageuka utani. Matokeo ya kidato cha nne yanaipa nguvu: mwaka 2021 na 2022, kati ya kila watahiniwa watano wa Hisabati, ni takriban mmoja tu aliyefaulu. Tukimtafuta mchawi tunaanza na uhaba wa walimu, vitabu visivyotosha na madarasa yaliyofurika. Hizo ni sababu za kweli. Ipo nyingine inayotajwa kwa nadra, nayo ni midomo na nyuso za watu wazima wanaomzunguka mtoto.

Hofu ya hesabu imechunguzwa na wanasaikolojia tangu miaka ya 1950. Mmarekani Mark Ashcraft ndiye aliyeonyesha vizuri inavyofanya kazi. Mtoto anayejumlisha 47 na 38 kichwani anatakiwa akumbuke kwamba 7 na 8 ni 15, aweke 5, ashike 1, kisha arudi kwenye makumi. Kazi hiyo hufanyika katika sehemu ndogo ya kumbukumbu, ile inayoshika mambo ya sasa hivi. Mtoto anayewaza "nikikosa nitachekwa" ameshaijaza sehemu hiyo kabla ya kufika kwenye makumi. Anakosa swali ambalo jana, akiwa ametulia, alilipata. Na wasiwasi huu si wa nchi maskini tu: katika utafiti wa PISA wa mwaka 2012, asilimia 59 ya wanafunzi wa miaka 15 katika nchi nyingi zilizoendelea walisema huwa wanahofia kwamba masomo ya hisabati yatawawia magumu.

Mwaka huohuo watafiti Ian Lyons na Sian Beilock walichunguza ubongo wa watu wenye hofu hii kwa mashine ya kupiga picha. Walipoambiwa kwamba swali la hesabu linakuja, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu ya mwili ziliamka. Walipoanza kulifanya swali lenyewe, hali hiyo haikuonekana. Kinachouma, basi, ni kule kulisubiri swali. Mtu hulisubiri jambo kwa uchungu kwa sababu ya aliyoyapitia au aliyoyasikia kulihusu.

Na ayasikie wapi kama si nyumbani? Mwaka 2015 Erin Maloney, Beilock na wenzao walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto 438 wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani kwa mwaka mzima wa shule. Waliwapima watoto, kisha wakawauliza wazazi mambo mawili: wewe mwenyewe unaiogopa hesabu kiasi gani, na unamsaidia mwanao kazi za nyumbani mara ngapi? Watoto wa wazazi waoga walijifunza hesabu kidogo kuliko wenzao, na kufikia mwisho wa mwaka wao pia walikuwa waoga zaidi. Lakini hilo lilitokea pale tu mzazi alipokuwa akisaidia mara kwa mara. Mzazi mwoga aliyekaa pembeni hakumwambukiza mwanawe. Katika kusoma, tofauti hiyo haikuonekana.

Matokeo haya yanatia doa ushauri tunaoutoa kila kikao cha wazazi, kwamba mzazi mwema ni yule anayekaa na mtoto kwenye daftari. Ni kweli utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba jambo moja ndilo lililosababisha jingine. Pia uchunguzi wa mapacha uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa takriban asilimia 40 ya tofauti za hofu ya hesabu kati ya watoto zinatokana na kurithi. Lakini nani asiyeijua picha hii? Baba amerudi amechoka, taa hafifu, swali la kugawanya limekataa, sauti inapanda: "Hivi huelewi nini hapa?" Mama anaingilia kwa huruma, na huruma hiyo inamaliza kazi: "Mwache, hata mimi hesabu zilinishinda." Mtoto ameshapokea ujumbe kamili.

Shuleni mambo hayako mbali. Mwaka 2010 kundi la Beilock lilifuatilia madarasa ya walimu wa kike 17 wa darasa la kwanza na la pili. Watoto walisimuliwa kisa cha mwanafunzi hodari wa hesabu bila kutajiwa jinsia yake, wakaambiwa wamchore. Watafiti wakatazama kama aliyechorwa ni mvulana au msichana. Mwanzoni mwa mwaka, hofu ya mwalimu haikuhusiana kabisa na uwezo wa wanafunzi. Mwishoni, kadiri mwalimu alivyoiogopa hesabu, ndivyo wasichana wake walivyozidi kuamini kuwa hesabu ni ya wavulana, na walioamini hivyo ndio waliobaki nyuma. Wavulana hawakuguswa. Huenda mwalimu hakuwahi kutamka maneno hayo. Watoto walimsoma tu.

Hapa watu hupenda kutaja utafiti wa Robert Rosenthal na Lenore Jacobson wa mwaka 1968, ambapo walimu wa shule moja ya California waliambiwa kwamba watoto fulani, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wangechanua mwaka ule. Na wachache wao, hasa wa madarasa ya chini, wakachanua kweli. Sifa za utafiti huo zimepita kiasi. Waliourudia baadaye waliona kwamba matarajio ya mwalimu yana athari ndogo kwa wanafunzi wengi, ila huwalemea zaidi watoto wa makundi yanayodharauliwa. Kwa darasa letu, huyo ndiye "kilaza" wa dawati la nyuma. "Kipanga" atajitetea mwenyewe.

Kuhusu kiboko, chanzo kingine cha hofu darasani, nitasema machache. Wilayani Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizopewa mafunzo ya kuachana na adhabu za mwili, asilimia 31 ya wanafunzi waliripoti kupigwa na walimu ndani ya wiki moja. Katika shule nyingine ilikuwa karibu asilimia 49. Wanafunzi walijisikia salama zaidi shuleni. Alama zao hazikupanda, lakini hazikushuka pia, na hilo ndilo jibu kwa wanaoshikilia kwamba pasipo fimbo mtoto hasomi.

Je, mzazi mwoga ajiondoe kabisa? Hapana. Karibu na Chicago, wanafunzi 587 wa darasa la kwanza waligawanywa: familia nyingine zilipewa programu ya visa vifupi vyenye maswali ya hesabu, nyingine visa vya kawaida. Walionufaika zaidi na visa vya hesabu ni watoto wa wazazi waoga, hata walipovitumia mara moja au mbili kwa wiki. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kuwa wazazi hao hawakuacha kuogopa. Kilichobadilika ni matarajio yao kwa watoto.

Sisi hatuhitaji programu kama hiyo kwa hilo. Bao la Kiswahili lina kete 64 na mashimo 32. Mwache mtoto akuambie kila mchezaji anaanza na ngapi. Vibaba vinne ni pishi moja, akapime mchele. Mtume dukani na elfu tano, arudi na chenji aliyoihesabu mwenyewe. Na wewe mwalimu wa darasa la kwanza, kama kugawanya kulikutoa jasho ulipokuwa mwanafunzi, mwombe mwenzako mlipitie somo pamoja kabla hujasimama ubaoni. Vyuo vya ualimu navyo viwaulize wanafunzi wao swali la Maloney tangu muhula wa kwanza: wewe mwenyewe unaiogopa hesabu kiasi gani?