Bidhaa za Kikundi Kwenye Kompyuta: Anzeni na Orodha Safi

Vikundi vingi sasa vimepata kompyuta, nyingine za kununua na nyingine za kupewa, na vinataka kuacha daftari na kutumia programu ya hesabu. Hilo ni jambo jema. Lakini kompyuta haijui kilicho ndani ya stoo yenu. Inajua tu kile mlichoiambia. Mkiiambia vibaya siku ya kwanza, itawapa majibu mabaya kila siku, tena kwa herufi nzuri za kuchapishwa, na watu watayaamini. Kwa hiyo leo tunaeleza jinsi ya kuingiza bidhaa kwenye programu kabla ya kuanza kuuza.

MFANO WETU

Tuchukue mfano wa Athi River. Eneo la EPZ lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, na baada ya sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 viwanda vya kushona nguo za kuuza ng'ambo viliongezeka sana. Penye viwanda vya nguo pana vipande vinavyobaki wakati wa kukata vitambaa. Tuseme kikundi cha akina mama kumi na watano kinanunua vipande hivyo kwa kilo, kinashona mazulia ya kufutia miguu na mito ya viti, kisha kinauza sokoni na kwa wenye maduka.

Kabla hatujaendelea, neno moja. Kwa kanuni za EPZ, mali inayotoka ndani ya eneo lile kuuzwa humu nchini huhesabiwa kama imeingizwa kutoka nchi za nje. Nunueni kwa mtu mwenye karatasi halali, na risiti iwekwe kwenye faili. Kitambaa cha bei rahisi kisicho na karatasi kinaweza kukiingiza kikundi kizima matatani.

HATUA YA 1: HESABUNI STOO KWANZA

Msifungue kompyuta bado. Chagueni siku moja, tuseme Jumamosi ya mwisho wa mwezi, biashara isimame kwa saa chache. Watu wawili wahesabu na wa tatu aandike. Asihesabu mweka stoo peke yake. Si kwamba hatumwamini, bali ni kumkinga na maneno. Andikeni kila kitu: kilo za vipande, mazulia yaliyokwisha, mito, uzi, magunia. Kilichooza au kuliwa na panya kiwekwe kando na kiandikwe peke yake.

HATUA YA 2: GAWENI MALI KWA AINA

Programu nyingi zina aina tatu. Ya kwanza ni bidhaa zinazohesabiwa, yaani zile ambazo programu itafuatilia zimeingia ngapi na zimetoka ngapi. Vipande vya kitambaa na mazulia ni vya hapa. Ya pili ni vitu vidogo visivyohesabiwa kimoja kimoja, kama sindano na chaki. Hivyo huandikwa kama gharama mara tu vinaponunuliwa. Ya tatu ni huduma, kwa mfano kumshonea mteja kitambaa chake mwenyewe. Huduma haina stoki.

Cherehani si ya kundi lolote kati ya haya, kwa sababu haiuzwi. Ni chombo cha kazi, na ina mahali pake pengine katika hesabu.

Chunguzeni pia programu yenyewe kabla ya kuichagua. GnuCash, kwa mfano, ni ya bure na ni nzuri kwa hesabu za pesa, lakini haina sehemu ya kufuatilia bidhaa za stoo. Manager ya kuweka kwenye kompyuta pia ni ya bure, na sehemu hiyo inayo.

HATUA YA 3: JINA MOJA, NAMBA MOJA

Tatizo kubwa la orodha ni kitu kimoja kuwa na majina matatu. Katibu anaandika "zulia dogo", mweka hazina anaandika "zulia ndogo", muuzaji anaandika "la mlango". Kompyuta inaona bidhaa tatu. Moja inaonyesha mazulia 40 ambayo hayapo, nyingine inaonyesha imeuza zaidi ya ilivyokuwa nayo. Basi kubalianeni jina, kisha mpe kila bidhaa namba yake fupi: ZUL-1 zulia dogo, ZUL-2 zulia kubwa, MTO-1 mto wa kiti. Bandikeni orodha hiyo ukutani na namba hizo ziandikwe kwenye risiti. Mtu mmoja tu apewe ruhusa ya kuongeza bidhaa mpya.

HATUA YA 4: KIPIMO

Hapa ndipo wengi huanguka. Vipande vinanunuliwa kwa kilo, lakini mazulia yanauzwa moja moja. Hizo ni bidhaa mbili. Vipande viwekwe kwa kilo, mazulia kwa idadi. Mkishona, mwambie kompyuta: kilo 2 zimetoka, zulia 1 limeingia. Programu nyingine zina sehemu maalumu ya kazi hii. Kama yenu haina, mweka hazina apunguze kilo na kuongeza mazulia mwenyewe kila Ijumaa. Mkisahau, stoo ya kompyuta itajaa vitambaa ambavyo mlishauza vikiwa mazulia.

HATUA YA 5: BEI MLIYONUNULIA

Bei ya kununua si ile iliyo kwenye risiti ya muuzaji peke yake. Nauli ya kubeba mzigo nayo imo. Mkinunua kilo 100 kwa shilingi 80 kila moja, ni shilingi 8,000. Pikipiki ikichukua 600, mzigo umewagharimu 8,600, yaani shilingi 86 kwa kilo.

Sasa, kilo 50 zikiwa bado stoo, mnanunua nyingine 50 kwa shilingi 100 kila moja, na nauli 400. Mzigo mpya ni 5,400. Wa zamani uliobaki ni 4,300. Jumla ni 9,700 kwa kilo 100, yaani shilingi 97 kwa kilo. Hii inaitwa njia ya wastani. Njia ya pili ni kuhesabu kwamba kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. QuickBooks ya mtandaoni hutumia hiyo ya pili. Zote mbili ni halali, lakini jueni yenu inatumia ipi.

Kwa nini tunakazania senti hizi? Tazameni. Zulia moja linakula kilo 2, uzi na gunia shilingi 40, na mshonaji analipwa 60. Anayehesabu kilo kwa shilingi 80 za zamani atasema zulia limegharimu 260. Mwenye duka akisema "nipeni kwa 280", kikundi kitafurahi kwamba kimepata faida ya 20. Lakini kilo ni shilingi 97, kwa hiyo zulia limegharimu 294. Kila zulia linawapotezea shilingi 14. Kwa mazulia 40, kikundi kinadhani kimepata 800, kumbe kimepoteza 560. Ndiyo maana utasikia watu wakisema tunafanya kazi usiku na mchana lakini pesa hatuioni.

HATUA YA 6: STOKI YA KUANZIA

Ile hesabu ya Jumamosi sasa iingizwe. Programu itauliza idadi ya kuanzia, thamani yake na tarehe. Jazeni hapo. Msiingize mali ya zamani kana kwamba mmeinunua leo! Mkifanya hivyo, kompyuta itasema pesa imetoka kwenye sanduku siku hiyo, na haikutoka. Pesa za sanduku na za kompyuta hazitapatana, na lawama itamwangukia mweka hazina asiye na hatia. Tunajua vikundi huvunjika kwa mambo kama haya kuliko kwa kukosa wateja.

HATUA YA 7: PESA ZIENDE WAPI

Kila bidhaa inafungwa kwenye akaunti tatu. Mkinunua, pesa haijapotea, imegeuka kuwa mali, kwa hiyo inaingia akaunti ya stoki. Mkiuza, bei ya kuuza inaingia akaunti ya mauzo, na wakati huohuo bei ya kununulia inatoka stoki kwenda gharama ya mali iliyouzwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo faida, kabla ya kutoa kodi ya nyumba na stima. Kampuni zikianza kununua kwenu zitataka ankara ya eTIMS ya KRA, na huko pia kila bidhaa inaandikishwa kwa jina, kipimo na aina ya kodi. Mkiwa na orodha safi, kazi hiyo itakuwa nyepesi. Kuhusu kodi inayowahusu, ulizeni ofisi ya KRA.

KILA MWISHO WA MWEZI

Hesabuni stoo tena, mlinganishe na kompyuta. Tofauti ikiwepo, msiifiche na msifute bidhaa. Andikeni upotevu na sababu yake, kisha taarifa isomwe mbele ya wanachama wote, hata wasiojua kusoma waisikie. Kompyuta ikionyesha stoki chini ya sifuri, tafuteni ununuzi ambao haujaingizwa. Na daftari la karatasi liendelee kwa miezi mitatu ya kwanza, maana stima hupotea.

Mithali 27:23 inamhimiza mfugaji ajue vizuri hali ya mifugo yake. Zizi la kikundi chenu ni stoo. Kwenye mkutano ujao chagueni wale watatu wa kuhesabu, na tarehe iandikwe kwenye kumbukumbu kabla ya sala ya kufunga.