D3 Si ya Kubahatisha: Theory Kwanza, Steering Baadaye

Hii ni ya wasee wa Kathonzweni wenye wako na ndoto ya chuma kubwa. Si boda, si Probox. Basi. Ile ya honi ya hewa, kiti ya dere inadunda na spring, na ukipita center kila duka inajua ni wewe. Kwa mbogi yetu saa hii hakuna kazi iko na fom kama hiyo. Lakini wacha nikuchanue mapema: hiyo swag haianzii kwa gear. Inaanzia kwa theory. Na theory ndio inakula majamaa wengi wa huku, wale wa kusema "mimi najua gari" halafu wanaulizwa swali moja na macho inaanza kutafuta dirisha.

Anza na class. Kuna msee pale stage anajidai ako na "license ya gari kubwa". Gani? Mwulize class uone akizubaa. Siku hizi mambo imegawanywa poa. D1 ni mathree ya abiria 14. D2 ni minibus, mpaka 32. D3 ndio bazu: 33 kwenda juu. Sasa cheki hiyo hesabu vizuri, juu nganya ya siti 33 kwa macho inakaa minibus, na kwa karatasi ni D3. Karao akikupata na gari si ya class yako, faini ni 7,000. Saba K, buda! Hiyo ni njumu noma na change ya kudishi wiki mzima. Na hakuna kuruka kutoka PDL, ile license ya muda ya kujifunza, mpaka D3. Unaanza na B ya gari ndogo, unakaa nayo, unapata uzoefu, unapanda. Mwenye anakushow atakupea D3 wiki hii kwa ganji ya chini ya meza, huyo anakuuzia kesi.

Wazee wa chini ya mwembe wako na opinion, obvious. Kwao gari ni kuzoea, si kusoma. Walianza wakiwa turn boy wa lori, wakaosha magurudumu miaka, siku moja dere akaugua wakapewa steering, na hiyo ndiyo driving school yao mpaka leo. Watakutolea mpaka ile license ya kitambo, kijitabu nyekundu, kona zote zimeliwa na jasho. Salamu tunawapea, chai tunawanunulia, lakini advice wakae nayo. Mwulize huyo mzee alama ya duara ya bluu inasema nini. Atakushow ni tangazo ya soda. Mwaitu naye anataka uende ualimu, juu anadhani udereva ni ya wenye walishindwa na shule. Mwekee Highway Code mbele yake uone kama atamaliza page mbili.

Haya, twende kwa meza ya mtihani yenyewe, hapo ndipo watu huchoma picha.

Model town ni ubao mkubwa umechorwa mji: roundabout, crossroads, junction za T, one way, parking, zebra. Juu yake kuna kagari ka mchezo. Examiner amesimama hapo na uso ya mtu hajaonjeshwa chai tangu asubuhi. Anakwambia toa gari hapa, peleka pale hosi. Unasukuma na vidole na huku unabonga, hatua kwa hatua. Naangalia vioo. Naweka indicator. Napisha wenye wako barabarani. Naingia lane ya kushoto. Ukisukuma kimya kimya, atajuaje uliangalia kioo? Mdomo ndio mtihani.

Aibu namba moja ya hiyo meza ni kuinua kagari. Msee anachanganyikiwa kwa junction, anakainua juu kama ndege, anakatua upande ile ingine. Maze. Mbele ya watu. Basi haina mabawa. Ukipotea, endelea mbele mpaka mahali unaruhusiwa kugeuza, halafu urudi, huku ukielezea. Laini isiyokatika hauvuki, hata kwa ubao, hata kama hosi iko hapo karibu inakuchekelea.

Aibu namba mbili ni roundabout. Kathonzweni hatuna traffic lights, so wasee wengi wamejulia roundabout TikTok. Rada ni hii. Wenye wako ndani wakija kutoka kulia kwako, wapishe. Ukienda kushoto, ingia na lane ya kushoto. Ukienda kulia, ingia na ya kulia, zunguka, na ukikaribia kutoka weka indicator ya kushoto. Ni hiyo tu. Irudie mpaka uweze kuisema ukiwa umeamshwa saa tisa usiku.

Huna model town home? Chora kwa mchanga nyuma ya maduka. Makueni mchanga iko tele, mpaka county ikaitungia sheria yake 2015, sasa wewe utakosaje wa kuchora crossroads? Kifuniko ya soda ndio basi. Msee mmoja anakuwa examiner, na aulize bila huruma.

Kitu pekee haiko kwa hiyo ubao ni punda. Na route ya Wote–Makindu punda ndiye mwenyekiti. Amebeba mitungi ya maji, hana indicator, hana side mirror, hana PDL, na anavuka saa ile anataka. Ndio maana alama za kuonya zikasomwe. Pembetatu ya mpaka mwekundu inakuonya. Duara ya mpaka mwekundu inakukataza. Duara ya bluu inakuamuru. Halafu kuna mbili za shape yao pekee: STOP iko na pande nane, na give way ni pembetatu imepinduliwa kichwa chini. Hiyo haikufanywa kwa urembo. Vumbi ya huku ikikula rangi yote na maandishi yakaisha, shape inabaki, na dere mjanja anajua asimame wapi.

Sasa ya basi yenyewe. Basi si Probox. Breki ni za hewa, na geji ikionyesha presha iko chini, hutoki stage hata konda apige bodi mpaka mkono ufure. Kuteremka mlima unaweka gear ya chini mapema, engine ikushikilie, si kukalia breki mpaka zinuke. Asubuhi kabla abiria hawajapanda unazunguka gari: matairi, mafuta ya engine, maji, taa, triangles, fire extinguisher, first aid. Hii ukiulizwa, isome ukianza mbele ukizunguka mpaka urudi mbele. Mwenye anaruka ruka, leo tairi, kesho taa, inaonekana hajawahi kufanya.

Speed ya PSV, gari ya abiria, ni 80, na center kama yetu ni 50. Zile speed governor zilikuja na sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilianza kushika 2004, pamoja na mikanda na uniform: dere navy blue, konda maroon. Wazee bado wanalia juu ya Michuki kama alikuwa jirani aliwaibia mbuzi. Mimi namheshimu huyo mzee wazi wazi. Masaa ya kuendesha ni nane kwa kila 24, hapo umeshuka, mwingine ashike. Simu mkononi ni 2,000. Na pombe? Mwenye gari yake binafsi ako na kipimo, lakini wewe wa PSV ni zero. Kwa barabara yetu mwenye anaruhusiwa kuyumba ni punda peke yake.

Hapa sichezi sasa. Tarehe 4 Disemba 2021, huko Mwingi kwa majirani wetu wa Kitui, basi ilijaa wanakwaya wakienda harusi iliingia mto Enziu ukiwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengine wamesimama ukingoni wakiona. Wewe mtu wa Ukambani unajua mito yetu. Inakaa mchanga mtupu miezi na miezi, halafu mvua inanyesha huko juu mbali na maji inakuja bila hodi. So ukiulizwa utafanya nini maji ikipita juu ya daraja, usianze kubuni ati utapima na mguu, ati utafuata tairi za lori ya mbele. Jibu ni moja. Hauingii. Unasimama mbali, unashusha abiria mahali salama, unangoja. Wakikuita muoga, kubali jina. Kuna akina mama hapo nyuma wamekuamini na watoto wao.

Rudi kwa ganji. Certificate of Good Conduct ni 1,050. Smart DL ni 3,050. Hapo bado medical, badge ya PSV na school fees, so cheki bei kwa eCitizen kabla utume kitu, juu hizi vitu hubadilika. Chenye ni ghali bure ni zile "maswali ya mtihani" wasee wanakuuzia WhatsApp kwa punch. Buda, mtihani umetoka kwa Highway Code, kitabu inauzwa bookshop, na mbogi mzima mnaweza kuchangia moja. Bado unataka kutupa punch kwa screenshot imefifia?

Na luku, usiende ukikaa video vixen. Shati imepigwa pasi, kiatu imefungwa, shades ziache kwa mfuko. Examiner anataka kuona macho yako ikienda kwa kioo.

Jumapili baada ya kanisa tuko nyuma ya maduka, mchanga umechorwa, roundabout mbili na crossroads. Kuja na kifuniko yako na swali lenye unadhani litatushinda. Mwenye atainua kifuniko ananunulia mbogi mzima chai na mandazi, na hakuna kuomba deni.